Usitupe Vidonge vya Damu: Sema na Muuguzi



Mwezi huu hatutasema habari za mbolea wala za kupe. Twataka kusema nawe habari za binti yako aliye Nairobi. Huenda ukasema, "Hayo ni mambo ya wanawake, mimi nataka kusoma habari za bei ya maziwa." Tafadhali ngoja kidogo. Mkulima anayemjua kila ng'ombe wake, na kujua yupi ana mimba ya miezi mingapi, hawezi kusema kwamba mimba ya mtoto wake mwenyewe haimhusu.

Twajua jinsi mambo yalivyokwenda. Baba alipopata shamba katika skimu, iwe ni Mwea, Kinangop au Lugari, shamba lile lilitosha nyumba moja. Watoto walipokua halikutosha tena. Wengine walibaki, wengine wakaenda mjini. Baadhi ya mabinti wamepanga vyumba Mukuru kwa Reuben, mtaa wa nyumba za mabati ulio karibu na mto Ngong, upande wa mashariki wa Nairobi. Mtaa huo uko jirani na Eneo la Viwanda, na mtu aweza kwenda kwa miguu alfajiri mpaka kwenye lango la kiwanda kuomba kibarua.

Siku moja simu yalia. Binti asema ana mimba. Nyumbani ni furaha, na mama auliza:

"Umekwenda kliniki?"

"Nimekwenda, mama."

"Wamekupa dawa ya damu?"

"Wamenipa."

"Waimeza?"

"Naimeza, mama."

Hapo mazungumzo huisha. Lakini mara nyingi jibu lile la mwisho si kweli. Vidonge vimo katika mfuko chini ya kitanda, au vimekwisha kutupwa chooni. Kila kidonge alichokimeza kilimtapisha, au kilimfunga choo siku nne, naye akaamua kimoyomoyo kwamba basi.

Maoni yetu ni haya. Binti huyo si mkaidi wala si mjinga. Dawa inamsumbua kweli, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba yaruhusiwa kusema. Kosa si kusumbuliwa na dawa. Kosa ni kunyamaza, na kosa hilo si lake peke yake, ni letu sote tunaomwuliza kwa namna ambayo hawezi kujibu ila "ndiyo".

Kwa nini mama mjamzito anahitaji chuma

Damu hutengenezwa kwa madini ya chuma. Mama akiwa na mimba, damu yake huongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo kwanza, maana sasa yalisha watu wawili. Mtoto naye hujiwekea akiba yake ya chuma tumboni, ambayo ataitumia miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa. Chuma chote kinachohitajika kwa mimba nzima ni kama gramu 1, yaani uzito wa punje tatu hivi za mahindi. Ni kitu kidogo sana kukitazama, lakini mwili hukipata kwa shida, kwa sababu sehemu kubwa ya chuma tunachokula hupita tu tumboni na kutoka.

Akiba ikipungua, mama huchoka upesi, kichwa humzunguka, moyo hupiga mbio akipanda ngazi. Watu husema, "Ni mimba tu." Lakini hatari yenyewe huja siku ya kuzaa. Kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa ni sababu kubwa kuliko zote ya vifo vya akina mama wazazi duniani. Mwanamke mwenye damu ya kutosha aweza kupoteza kiasi na akaishi. Mwenye damu haba hana cha kupoteza. Na mtoto wake aweza kuzaliwa kabla ya wakati, au akiwa mwepesi kupita kiasi.

Usidhani ni shida ya wachache. Uchunguzi uliofanywa katika Kenya nzima mwaka 2011 ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake wajawazito kama 4 katika kila 10. Ndiyo maana kliniki zetu humpa kila mjamzito kidonge chenye chuma miligramu 60 pamoja na asidi ya foliki, ambayo husaidia uti wa mgongo na ubongo wa mtoto kuumbika vizuri. Basi mwenye kutupa kidonge atupa dawa mbili kwa mara moja.

Taabu za vidonge ni za kweli

Tusiseme uongo ili kuwapa watu moyo. Vidonge vya chuma huleta kichefuchefu kwa wengine, na kutapika, kiungulia, tumbo kuuma, kufunga choo au kuharisha, na ladha mbaya mdomoni kama ya msumari. Hayo muuguzi ayajua, na daktari ayajua.

Sasa fikiri taabu hizo mahali binti yako anapoishi. Wewe hapo shambani una choo chako nyuma ya nyumba. Mukuru kwa Reuben choo kimoja hutumiwa na watu wa vyumba vingi, na vingine hulipiwa kila mtu anapoingia. Usiku mwanamke huogopa kutoka. Tumbo likiharibika saa nane za usiku, hiyo si taabu ndogo. Aliyefunga choo huambiwa, "Kunywa maji mengi," lakini maji nayo hununuliwa kwa mtungi. Naye aliyetapika asubuhi hawezi kusimama mbele ya mashine mchana kutwa. Na kibarua asiyefanya kazi leo hapati mshahara wa leo. Ukiyajua hayo, hutashangaa tena kwa nini vidonge vimo chini ya kitanda.

Jambo moja huwatisha wengi bure: choo huwa cheusi. Hiyo si damu iliyooza wala si ugonjwa. Ni chuma kile kilichobaki bila kuchukuliwa na mwili. Lakini choo kikiwa na damu, au kikiwa kama lami huku tumbo likiuma sana, yafaa kwenda hospitali.

Tena, katika miezi mitatu ya kwanza mimba yenyewe huleta kichefuchefu. Pengine kidonge chasingiziwa kosa ambalo si lake. Muuguzi aweza kulipima jambo hilo, lakini hawezi kulipima kama hajaambiwa.

Njia ziko

Ng'ombe wako akidhurika na dawa ya minyoo, huiachi minyoo imle. Wamwita bwana mifugo, naye aweza kupunguza kipimo, au kubadili dawa, au kubadili saa ya kuitoa. Na mbolea ya chumvichumvi ukiirundika yote siku moja juu ya shina la mhindi, waunguza mmea. Ukiigawa mara mbili, mmea washukuru. Mwili wa mwanadamu nao una njia kama hizo.

Njia ya kwanza ni kubadili saa. Kidonge huingia mwilini vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, lakini hapo ndipo huumiza zaidi. Basi anayesumbuliwa na akimeze baada ya kula chakula kidogo, au usiku wakati wa kulala, ili kichefuchefu kimkute usingizini. Mwili utachukua chuma kidogo kuliko tumbo likiwa tupu, lakini kidogo kinachoingia chashinda kingi kinachotapikwa.

Njia ya pili ni kupunguza kipimo. Shirika la Afya Duniani lashauri chuma miligramu 30 mpaka 60 kwa siku kwa mama mjamzito. Basi kipo kipimo kidogo kuliko kile cha kliniki ambacho bado ni dawa. Muuguzi aweza pia kumbadilishia aina, maana chuma hutengenezwa kwa namna mbalimbali, na tumbo lililokataa hii laweza kukubali ile. Iko na ya maji, ambayo ni rahisi kuigawa kidogo kidogo.

Njia ya tatu ni kuruka siku. Wataalamu wa Zürich, katika nchi ya Uswisi, walitangaza uchunguzi wao mwaka 2017. Waliona kwamba mwanamke mwenye akiba ndogo ya chuma akimeza kidonge leo, kesho akaacha, na kesho kutwa akameza tena, mwili huchukua sehemu kubwa zaidi katika kila kidonge kuliko akimeza kila siku. Sababu ni kwamba baada ya chuma kingi kuingia, mwili hutoa kitu kiitwacho hepsidini, ambacho hufunga mlango wa tumbo kwa muda wa siku moja hivi. Lakini angalia: wanawake wale hawakuwa na mimba. Kwa hiyo mama mjamzito asijiamulie mwenyewe kuruka siku. Ni neno la kumwuliza muuguzi, naye atatazama kipimo cha damu na miezi iliyobaki kabla ya kujibu.

Njia ya nne ni ya wale ambao vidonge vimewashinda kabisa, au ambao damu yao ni haba na siku za kuzaa ziko karibu. Katika hospitali kubwa chuma chaweza kutiwa mwilini kwa njia ya mshipa, mtu akiangaliwa na daktari. Haifanywi katika miezi mitatu ya kwanza, wala haipatikani kila zahanati. Na damu ikiwa imepungua mno, mgonjwa aweza kuhitaji kuongezwa damu.

Basi kabla ya yote damu ipimwe. Ni tone moja tu la kidole. Kipimo kikiwa chini ya 11, damu ni pungufu, ingawa mimba ikifika katikati wataalamu hukubali mpaka 10 na nusu. Kikiwa chini ya 7, hiyo ni hatari kubwa. Hesabu hiyo huandikwa katika kitabu cha kliniki, na mama ana haki ya kuuliza, "Damu yangu ni ngapi?" Hali kadhalika, si kila upungufu wa damu hutokana na chuma. Malaria huleta, minyoo huleta, na ugonjwa wa selimundu huleta. Kumeza chuma tu bila kutafuta sababu ni kama kutia mbolea shamba lililojaa maji.

Chai na udongo

Yako mambo mawili yanayoharibu kazi ya vidonge hata kwa yule anayevimeza.

La kwanza ni chai. Chai yetu twaipenda, na wengine wenu mwailima. Lakini rangi ile ya majani ya chai hukamata chuma tumboni na kukizuia kisiingie mwilini. Kahawa ni vile vile, na maziwa nayo huzuia kwa kiasi chake. Mtu ameze dawa kwa maji safi, au kwa maji ya chungwa akiyapata, kisha akae saa moja au mbili kabla ya kunywa chai. Dawa za kiungulia pia zisimezwe pamoja na chuma.

La pili ni udongo. Wanawake wengi wajawazito hutamani sana kula udongo au yale mawe laini yanayoitwa odowa, nayo huuzwa sokoni na vibandani mjini. Msimcheke. Tamaa hiyo mara nyingi hufuatana na upungufu wa chuma. Lakini udongo hauponyi. Hukamata chuma, na waweza kuleta minyoo. Mama akiona hamu hiyo imemshika, na aihesabu kuwa dalili, aende kupimwa damu.

Tena liko jambo ambalo baba wa watoto wadogo lazima alijue. Vidonge hivi hufanana na peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi vyaweza kumwua. Katika chumba kimoja cha Mukuru, ambamo watoto hucheza pale pale mama anapolala, vidonge visiwekwe chini ya kitanda. Viwekwe juu, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mtoto akivimeza, mpelekeni hospitali upesi hata kama anacheza vizuri.

Shamba lako laweza kusaidia

Hapa ndipo wewe mkulima unapoingia. Twajua kwamba gari likienda Nairobi hukosi kumpelekea binti yako gunia la mahindi au viazi. Hayo hushibisha, lakini hayaleti damu nyingi. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano uuzwao katika pakiti utiwe chuma na vitamini. Mahindi yako akiyasaga katika kinu cha mtaani hayatiwi kitu. Hatusemi usimpelekee, maana yanamwokolea fedha. Twasema ongeza kitu juu yake.

Mpelekee maharagwe. Iko aina iitwayo Nyota, iliyotolewa na watafiti wa KALRO, ambayo ina chuma na zinki nyingi kuliko maharagwe ya kawaida, tena hukomaa mapema. Mwulize bwana shamba wako juu ya mbegu yake. Mpelekee kunde, terere na managu, na hata kama zitanyauka njiani, waweza kuzikausha kwanza. Mpelekee machungwa, malimau na mapera, kwa sababu matunda hayo hufungua mlango ili chuma cha maharagwe na mboga kiingie mwilini. Limau moja lililokamuliwa juu ya sahani ya maharagwe hufanya kazi kubwa kuliko bei yake. Na maharagwe yakilowekwa usiku kucha, maji yale yakamwagwa, huwa bora zaidi.

Nyama, samaki na kuku ndivyo vyenye chuma ambacho mwili hukichukua kwa urahisi. Pale mtaani omena hupatikana kwa vipimo vidogo, naye aliye na shilingi chache aweza kununua. Maini yana chuma kingi, lakini yana vitamini A nyingi mno kwa mtoto aliye tumboni, basi yasifanywe kitoweo cha kila siku, hasa mimba ikiwa changa. Na mtu asidanganywe na rangi. Bitiruti ni chakula kizuri, lakini wekundu wake si damu, wala kinywaji chekundu cha chupa hakigeuki damu.

Hata hivyo chakula peke yake mara nyingi hakitoshi kwa mwanamke ambaye damu yake imekwisha kupungua. Chakula chafuatana na dawa, wala hakikai mahali pake. Tumelisema hili kwa sababu wako watakaosoma makala hii na kusema, "Kumbe maharagwe yatosha." Hayatoshi.

Kwa wauguzi, na kwa wewe

Neno letu kwa wauguzi na wahudumu wa afya wa mitaani ni fupi. Twajua mstari wa kliniki ni mrefu na ninyi ni wachache. Lakini swali, "Unameza dawa?" lina jibu moja tu. Mkiuliza, "Dawa inakusumbua namna gani?" mtapata kweli. Na mwanamke aliyesema kweli asikaripiwe, maana akikaripiwa leo, mwezi ujao atasema uongo au hatakuja.

Neno letu kwako wewe mkulima ni hili. Usimkemee binti yako kwenye simu kwamba wanawake wa zamani walizaa bila vidonge. Walizaa kweli, na makaburi ya wengine wao twayajua. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mwambie hivyo kwa upole. Mwambie arudi kliniki achukue na vidonge vilivyobaki, aviweke mezani mbele ya muuguzi, na kusema, "Hivi vimenishinda. Nifanyeje?" Kama alikosa siku moja asimeze viwili kufidia, na aendelee tu. Mume wake aambiwe pia, ili maji ya kunywa yasikosekane chumbani na chai ya usiku isipikwe saa ya dawa.

Na kama akikuambia kwamba hapumui vizuri hata akikaa, au anazimia, au moyo wamwenda mbio amelala, au anatokwa na damu, hapo usimwambie habari ya kliniki ya mwezi ujao. Mwambie aende hospitali saa ile ile, nawe tuma nauli.

Wengi wenu mmewahi kukaa usiku mzima na taa katika zizi mkimngoja ndama. Binti yako atazaa mbali nawe, mjini. Basi jioni hii mpigie simu, na badala ya kumwuliza kama anameza dawa, mwulize inamsumbua namna gani.